Moto Usio na Majivu

Kama hukuwa nami Jumapili iliyopita, sogea hapa nikuvushe kwa maneno machache, maana hasira yangu bado ina joto ingawa miaka imepita.

Mimi ni Laurentia. Asili yetu ni Mahenge, lakini mume wangu Cornel alinileta kijijini Soga, wilaya ya Kibaha, na mama yake mzazi akaja kuishi nasi. Mwaka 1981 mafuta ya taa yalikuwa hayaonekani hata kwa dawa. Cornel akapelekwa semina, akarudi na mchoro wa mtambo wa gesi ya samadi. Akachimba shimo nyuma ya banda la ng'ombe wetu, akalijengea kwa matofali, akalifunika kwa pipa kubwa la chuma. Tukalilisha mavi na maji wiki baada ya wiki, na kijiji kikatucheka mpaka kikachoka. Siku moja kabla ya Krismasi akafungua koki, akawasha kiberiti, moto wa bluu ukasimama juu ya jiko, na mwanamume mzima na ndevu zake akalia mbele yangu. Hapo ndipo nilipoishia Jumapili ile.

Sasa sikiliza kilichofuata.

Kwanza niseme ukweli, mtu asije akadai namsingizia mume wangu. Gesi ilikuwa nzuri.

Mama mkwe wangu, Mama Ursula, alikuwa amepikia kuni tangu utotoni. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, yakitiririka machozi asubuhi na jioni. Mimi mwenyewe alikuwa akinitambua kwa sauti. Baada ya miezi miwili ya gesi, asubuhi moja naingia jikoni, akaniuliza:

"Laurentia, hiyo kanga ni mpya?"

"Ya zamani, mama. Ya tangu arusi ya Efrazia."

"Basi mimi ndiyo naiona leo. Kumbe ina maua ya korosho."

Nikamgeuzia mgongo nikajifanya nakoroga uji. Nilikuwa nalia.

Cornel naye kichwa kikamvimba. Akapaka jiko chokaa ndani na nje, likawa jeupe kama kanisa. Akapiga marufuku kuni, akapiga marufuku hata kijiti. "Mama Kasiani," akaniambia, kwa jina la mwanetu wa kwanza aliyekuwa shule ya bweni, "atakayeingia humu na kijiti cha moto atatulipua sote."

Sayansi ilikuwa yake, ndoo zilikuwa zangu. Ndoo ya mavi, ndoo ya maji, koroga kwa mkono mpaka mabonge yaishe, mimina, rudi tena. Sabuni nayo ilikuwa imepotea madukani. Jumapili nikikaa kwenye benchi kanisani, wenzangu wanasogea taratibu kama watu wanaompisha Askofu.

Hilo ningelivumilia. Lakini likaja la majirani.

Kijijini kwetu kiberiti kilikuwa cha kutafuta. Ukiamka ukakuta moto umezimika, unachukua kigae, unakwenda kwa jirani, unapewa kaa moja, unarudi nalo mbio. Bertha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akaja na kigae chake.

"Hodi. Naomba moto, dada."

"Sina, Bertha."

"Huna? Na hilo jiko linalowaka?"

"Moto huu haubebeki. Hauna kaa."

"Niwashie basi kijiti."

"Cornel amekataza."

Bertha akanitazama kuanzia miguuni. "Haya. Wenye moto wenu."

Jioni ile kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Laurentia ananyima moto. Ukimnyima mtu chumvi anasahau. Ukimnyima moto anawasimulia wajukuu.

Sasa njoo kwenye mbegu, maana moyo wangu ulikuwa huko.

Kulikuwa na ekari moja bondeni, udongo mweusi, unyevu mwaka mzima. Akina mama wa kijiji tuliililia kwa miaka. Kiongozi wetu alikuwa Mwanamkuu, mtoto wa Kisarawe aliyeolewa Soga, mwanamke asiyejua kushuka chini akishapanda. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji mpaka Mwenyekiti Mwishehe akachoka kumwambia akae.

"Haya, chukueni," Mwishehe akasema mbele ya watu wote. "Lakini mvua ya kwanza ya masika ikilikuta shamba halina mbegu, linarudi kijijini. Nitawapa vijana wapande mihogo. Msinililie."

Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke wa pale kuwa na shamba ambalo mavuno yake hayapitii mkononi mwa mume wala kwenye ghala la kijiji. Na ulikuwa wakati wa njaa. Tulishakula mapapai mabichi, tulishakula mizizi. Mwaka uliotangulia kila mmoja alijiwekea mbegu yake, na ilipofika Februari sote tulikuwa tumeshaitafuna. Tukaapa safari hii mbegu zikae mahali pamoja, asizifikie mtu mwenye mtoto anayelia.

Zikawekwa darini, juu ya jiko langu. Kwa nini kwangu? Kwa sababu moto wa kuni wa Mama Ursula haukuwa unazimika, na moshi wake ulikuwa unapanda darini mchana kutwa. Mahindi yaliyokaa kwenye moshi, fukusi hayagusi. Kila bibi anajua hilo.

Hiyo ilikuwa Agosti, kabla ya gesi. Gesi ilipokuja, tukashangilia moto wa bluu, na hakuna aliyeinua macho juu. Si mimi, si Mwanamkuu, si Mama Ursula, si mume wangu na semina yake. Moshi tulikuwa tunaulaani kila siku, kumbe ndiye askari wetu wa zamu, na tulikuwa tumemfukuza kazi wenyewe.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, nimebandika maji ya uji, unga mweupe ukaanguka ndani ya sufuria.

"Kitu gani hicho kinaanguka?" Mama Ursula akauliza. Siku hizo alikuwa anaona kila kitu.

"Chokaa, mama. Cornel amepaka vibaya."

Alipotoka kwenda kuota jua, nikaweka ngazi nikapanda.

Nikashika hindi la kwanza. Lilikuwa jepesi mno. Nikalibonyeza, likatoa vumbi, na fukusi wakanipandia mkononi wakitembea bila haraka, kama wenye nyumba. Nikashika la pili. La tatu. Nikachokonoa mpaka nyuma kabisa ya dari. Yaliyokuwa mazima yalienea kwenye upindo wa kanga.

Nilikaa kule juu nimejishika kichwa. Nikashuka, nikaenda mbio kwa Cornel. Nilimkuta anapaka pipa lake rangi ya kijani.

"Baba Kasiani, njoo uone dari."

"Mama Kasiani, unajua Alhamisi ni siku gani?"

"Njoo kwanza uone."

"Alhamisi wanakuja wageni kutoka mkoani! Wakiridhika, watatoa saruji na mabati, kila nyumba kumi zipate mtambo wake. Mwishehe mwenyewe amenisimamia. Na wewe unaniletea habari za dari?"

"Ni jambo kubwa, Cornel."

"Mpaka wageni waondoke sitaki kusikia habari ya dari, ya paa, wala ya kuku. Chakula cha wageni umekifikiria? Nyumba haina hata punje. Tutawapa nini, gesi tupu?"

Damu ikanichemka. Mimi niliyebeba ndoo zake tangu mwanzo, ninaambiwa nyamaza.

"Hutaki kusikia?" nikamwambia. "Basi hutasikia. Hutasikia neno langu hata moja mpaka wageni wako waondoke."

Mimi nikinuna, nanuna. Mama yangu alinijua.

Yale mahindi machache mazima nikayapukuchua. Ili yasiliwe nayo, ilibidi niyachanganye na majivu, kama wafanyavyo watu wote. Nikaenda jikoni kuchota majivu.

Majivu gani? Gesi ina majivu?

Nilisimama mbele ya jiko lile jeupe na kikombe mkononi, na nadhani kama pipa lingekuwa karibu ningelipiga teke. Nikameza kiburi, nikaenda kwa Bertha.

"Hodi, Bertha. Naomba majivu kidogo."

Bertha akaacha kutwanga. Akaweka mchi chini polepole ili aufaidi wakati.

"Nimesikia vizuri? Wenye gesi wanaomba majivu?"

"Kidogo tu, dada."

"Mimi nilikuja kuomba kaa moja ukaniambia moto wako haubebeki. Majivu yangu nayo hayabebeki. Yamezoea hapa."

Wenzake aliokuwa akitwanga nao wakacheka. Miongoni mwao alikuwa Mwanamkuu, na yeye hakucheka. Aliutazama upindo wa kanga yangu, akasimama, akanishika mkono akanitoa nje.

"Laurentia, hizo punje umetoa wapi?"

Nikamwambia. Sikuficha hata neno moja.

"Yote?"

"Yaliyobaki ndiyo haya."

Mwanamkuu alikaa chini mavumbini, na nguo yake safi. Nilitamani anitukane. Badala yake akauliza, "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Cornel hataki kusikia. Na mama mkwe sitaki ajue."

"Kwa nini?"

"Akijua kwamba macho yake yamepona na mbegu zetu zimekufa, atarudi kwenye kuni leo hii. Namjua. Ataketi kwenye moshi mpaka apofuke, na atasema ni sawa tu."

Mwanamkuu akatazama nyuma kama kuna anayetusikia. Kisha akasema, "Wenzetu wakijua leo, kesho hakuna kikundi. Kila mtu atakwenda kulia kwake, na Mwishehe atacheka. Panda treni ya kesho. Shuka Pugu, panda mpaka Kisarawe, muulize Bi Mwanne, shangazi yangu. Mwambie nimekutuma mimi. Hizo punje niachie, nitazitia majivu, lakini hazitoshi hata mstari."

"Na yale mabovu?"

"Yaache palepale darini. Ukiyashusha mama mkwe wako atauliza."

Asubuhi nikachukua kikapu. Cornel akaniuliza naenda wapi. Sikumjibu. Mama Ursula nikamwambia naenda Kisarawe kutafuta mahindi, na kweli nilikuwa naenda kutafuta mahindi.

Bi Mwanne nilimkuta jikoni kwake, ndani ya moshi mzito kiasi kwamba nilisikia sauti kabla ya kumwona mtu.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Nani mwenzangu? Sogea, macho haya hayafiki huko."

"Shikamoo, shangazi. Nimetumwa na Mwanamkuu wa Soga."

"Marahaba, mwanangu. Mwanamkuu mzima huyo? Akiwa na shida hutuma watu, akiwa na mchele haji."

Nikamweleza shida yetu. Akanyoosha kidole juu. Dari lake lilikuwa jeusi tii, na mahindi yamening'inia yamefungwa kwa maganda yake, meusi nayo.

"Hayo hapo. Fukusi akipita pale anakohoa mpaka anakufa. Yapukuchue, yatatosha ekari yenu."

"Tutakulipa nini, shangazi?"

"Mbegu haiuzwi. Mkivuna mtanirudishia mbegu, basi." Akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Macho yake yalikuwa kama ya Mama Ursula ya zamani. "Ila nimesikia mumeo anapika kwa mavi ya ng'ombe. Ni kweli?"

"Kweli, shangazi."

"Na hakuna moshi?"

"Hakuna hata kidogo."

"Basi mwambie aje anijengee na mimi. Ng'ombe nitamwomba mwanangu Salumu."

Ningeweza kuitikia nikaondoka na mzigo wangu. Lakini mama yule alikuwa amenipa dari lake zima.

"Shangazi, nisikufiche. Moshi ukiondoka, na mbegu zinaondoka. Ndiyo sababu unaniona hapa."

Akapuliza moto.

"Mbegu nitaomba kwa watu, kama wewe ulivyokuja kwangu," akasema. "Macho nitamwomba nani?"

Nikapanda nikayashusha. Nilipukuchua mahindi mpaka vidole vikachubuka, na kila nikimtazama nilikuwa namkasirikia Cornel, kisha namhurumia, kisha namkasirikia tena.

Jumatano alasiri nilirudi Soga na mfuko umejaa. Nikauweka chumbani, kwenye kona, juu ya kigoda panya wasiufikie. Cornel akaingia.

"Umetoka Kisarawe, Mama Kasiani?"

Kimya.

Akaufungua mfuko, akachota punje kiganjani, akazitazama. Kisha akanitazama mimi kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu siku za uchumba. Akatabasamu. Nikasema moyoni, anajichekesha huyu ili tupatane. Nikageukia ukutani.

Jioni Mwanamkuu akapita. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Pugu.

"Usigawe hata punje," akaninong'oneza. "Ukigawa leo, usiku zinakuwa uji. Zikae kwako. Alfajiri twende sote bondeni tukachimbe mashimo, mvua ikishuka tunadondosha tu."

"Kesho kuna wageni wa Cornel."

"Wageni ni wa Cornel. Shamba ni la nani?"

Hilo halikuhitaji kurudiwa. Alfajiri nikachukua jembe nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia Mama Ursula akiimba wimbo wa kanisani na Bertha akimwitikia. Nikafurahi kwamba Bertha amekuja. Nikadhani amepatana na nyumba yangu.

Bondeni tulikuwa wengi. Tulichimba kwa kamba, mistari imenyooka, na hakuna aliyelalamika njaa. Mwanamkuu alikuwa anapita nyuma yetu akitania kila mtu.

"Chimba, mama! Shimo kama hilo anazikwa kuku!"

Wenzetu hawakujua kitu. Walidhani mbegu ni zilezile zao za Agosti. Mimi na yeye tulikuwa tukitazamana tunacheka kidogo, kama wezi walioponea chupuchupu.

Jua lilipokuwa linakaribia utosini, upepo ukageuka. Tone la kwanza likaniangukia shingoni. La pili. Halafu mvua ikashuka yote kwa pamoja, na akina mama wakatupa majembe wakapiga vigelegele, wengine wakacheza kwenye matope kama wasichana.

"Laurentia!" Mwanamkuu akapaza sauti. "Kimbia ukalete mbegu! Sisi tunakufuata!"

Nilikimbia. Sijawahi kukimbia vile tangu nizaliwe. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ngazi nilikuwa na furaha, nalisema wazi, furaha tupu.

Landrova ilikuwa imesimama mbele ya nyumba yangu. Watu walikuwa wamejibana barazani kukwepa mvua, kila mmoja na sahani mkononi. Walinisalimia wakitafuna. Sikuwajali. Nikaingia chumbani moja kwa moja.

Kigoda kilikuwa kitupu.

Mfuko niliukuta kitandani. Ulikuwa umekung'utwa na kukunjwa vizuri.

Nikatoka uani. Kinu changu kilikuwa kwenye mvua, na pembeni yake kuku walikuwa wanadonoa pumba za mahindi. Harufu ya makande ikanifikia puani, makande ya mahindi na kunde, na ilikuwa harufu nzuri, ndiyo ilikuwa laana yake.

Jikoni walikuwa wamejaa. Wageni wawili wenye suti za Chama, Mwenyekiti Mwishehe, Cornel na shati lake la Pasaka. Sufuria kubwa ya arusi ilikuwa juu ya moto wa bluu, na Mama Ursula amesimama kando yake na upawa, uso wote umeng'aa.

"Huyo, ndiye huyo!" Cornel akasema aliponiona. "Ndugu wageni, huyu ndiye mke wangu. Msitazame matope. Nilimwambia nyumba haina chakula cha wageni. Hakunijibu neno. Alichukua kikapu, akapanda treni mpaka Kisarawe, akarudi na mahindi. Hakujisifu, hakudai shukrani. Mwanamke wa namna hii..." Sauti ikamkatika. Yule yule wa kulia mbele ya moto akawa analia tena.

Wageni wakanipigia makofi. Barazani nako wakapiga, na midomo imejaa.

"Njoo uone, mwanangu," Mama Ursula akanivuta mkono. "Nimeyachambua mimi mwenyewe, punje kwa punje, bovu halikupita. Bertha alitaka kunisaidia nikamkatalia, yeye atwange tu. Miaka mingapi sijachambua mahindi?"

"Yote, mama?"

"Yote. Wageni na kijiji kizima, ningebakisha nini? Na gesi imetosha, Cornel aliiweka akiba tangu jana."

Nilichungulia ndani ya sufuria. Punje zilikuwa zimepasuka, nyeupe, laini. Zilikuwa zimevuliwa maganda na kuchemka tangu asubuhi, na hakuna udongo duniani ungeziotesha.

"Mama," mgeni mkubwa akasema, akininyooshea sahani, "makande haya sijala tangu nilipotoka kwetu. Niongeze kidogo."

Upawa sijui ulifikaje mkononi mwangu. Nilimwongezea. Nilikuwa namgawia shamba letu, kijiko kwa kijiko, na yeye anasema asante.

Nje, nyimbo zilikuwa zinakaribia. Akina mama walikuwa wanapanda kutoka bondeni, wamelowa, majembe mabegani. Wimbo ukafika uani ukasimama. Mwanamkuu akajitokeza mlangoni, maji yanamtiririka usoni.

"Shikamooni wageni. Laurentia, mvua haina subira. Tupe mbegu."

Mwishehe akaweka sahani yake chini. "Enhe," akasema. "Mbegu. Leo ndiyo siku yenyewe. Wageni wetu watashuhudia kama akina mama wamejiandaa ama hapana."

Nikafungua mdomo.

"Wamejiandaa sana, Mwenyekiti!" Cornel akadakia, akipangusa machozi. "Ndugu wageni, hili nalo mlione. Hata mbegu za akina mama tunazihifadhi humu humu, juu ya jiko la gesi. Mahali pasafi, hapana moshi wala masizi. Ngojeni niwashushie."

Akachukua ngazi akaisimamisha.

"Baba Kasiani," nikasema. "Shuka."

Alikuwa ameshapanda nusu. Akageuka, na furaha aliyokuwa nayo usoni siwezi kuisahau.

"Jamani, amesema na mimi! Tangu Jumatatu, leo ndiyo nasikia sauti yake!"

Watu wakaangua kicheko, na wageni wakacheka nao.

"Shuka, Cornel, nakuomba."

"Nashuka, Mama Kasiani. Nashuka na mbegu zako."

Mwanamkuu alinitazama. Akaitazama sufuria. Akatazama sahani ya mgeni, kisha watu wa barazani na sahani zao, kisha akarudi kwenye sufuria. Jembe likamshuka begani taratibu.

Mama Ursula alikuwa bado amenishika mkono. Akanisogelea, akanikazia yale macho yake mapya.

"Laurentia," akasema, na tabasamu linamtoka usoni kidogo kidogo, "mbona uso wako umekuwa hivyo? Mahindi yale yalikuwa ya nini?"

Juu ya vichwa vyetu Cornel aliingiza mkono darini, akavuta fungu la kwanza la mahindi, akalinyanyua juu ili wageni wote walione.